Jinsi ya kusoma picha za kuchonga za Ulaya ya zamani (za dini, mafumbo na tiba) usije ukaumbuka kama mimi

Mi nina steshenari. Napiga fotokopi, natengeneza kadi za harusi, mabango ya kipaimara, vitu hivo. Sasa kuna siku walikuja manesi watatu wanataka kadi kubwa ya kumuaga daktari wao anastaafu, wakaniambia kaka tuwekee picha ya daktari ya kizamani, zile nyeusi na nyeupe za Wazungu, ionekane ya heshima. Nikaingia mtandaoni, nikatafuta tafuta, nikakuta mzee mmoja kasimama katikati ya picha na mavazi ya kisomi, nyuma yake wagonjwa, chini kuna beti za Kilatini, nikasema hii ndo yenyewe. Nikaipanua mpaka A2, nikaifunga fremu, hela nikalipwa.

Kwenye sherehe alikuwepo padri mmoja mzee, wale waliosoma seminari enzi za Kilatini. Akainama kusoma ile kadi, akaanza kucheka peke yake, mabega yanatikisika. Tukamuuliza nini baba, akasema hii picha ni ya tatu katika picha nne, na maana yake ni kwamba mgonjwa akishapata nafuu anaona kumbe daktari ni binadamu tu kama wengine, na ya nne bili ikija daktari anageuka shetani. Manesi wakaniangalia. Mi nikaangalia chini.

Tangu hapo nikasema sichapishi tena picha ya watu bila kuisoma. Nimekaa na hizi picha za kuchonga (yaani fundi anachonga ubao au bamba, halafu linachapwa kwenye karatasi) muda sasa, na njia ninayotumia ndo hii naiandika hapa, ni kwa yeyote anayetaka kuzitumia kwenye slaidi, kadi, somo la dini, au anapenda tu kuzitazama usiku bando likibaki.

HATUA YA 1: Pata picha nzima, siyo kipande

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapa. Picha zinazozunguka kwenye magrupu zimeshakatwa, mtu anapunguza chini ili ikae vizuri kwenye skrini, na chini ndo kwenye maneno, kwa hiyo umebaki na sura bila barua. Nenda kwa wenye nazo, yaani makumbusho. Rijksmuseum ya Amsterdam wameweka maelfu kwa maelfu ya hizi picha bure, unapakua kubwa kabisa. Wellcome Collection ya London ndo kisima cha picha za tiba. Metropolitan ya New York nao tangu 2017 wamefungulia picha nyingi zisizo na hakimiliki tena. Andika jina la msanii na mwaka, usiandike "daktari wa zamani" kama nilivyofanya mimi, maana utaletewa kila takataka.

Ukishaipata hakikisha unaona ukingo wote wa karatasi. Halafu cheki kama picha ina wenzake. Hizi kazi mara nyingi zilitoka kwa seti, nne, saba, kumi na mbili, na moja peke yake ni kama kusikia mstari wa tatu wa shairi ukajifanya umelielewa shairi zima. Angalia namba ndogo chini kwenye kona, ukiona 3 tafuta 1, 2 na 4. Ningefanya hivyo nisingeumbuka.

HATUA YA 2: Jua imetengenezwaje

Huwezi kuruka hii hata kama unaona ni ya mafundi. Kuna aina tatu utakazokutana nazo sana.

Ya kwanza ni ya ubao. Fundi anachonga mbao, sehemu zinazobaki juu ndo zinashika wino, ni kama muhuri. Mistari inakuwa minene minene kidogo, na kwa vile ubao unaweza kupangwa pamoja na herufi za chapa, picha inakaa ukurasa mmoja na maandishi bila shida. Kitabu kikubwa cha mwili wa binadamu cha Andreas Vesalius, Fabrica, kilichochapwa Basel 1543, picha zake ni za ubao, na vile vibao vilichongwa Venice vikavushwa milima ya Alps kupelekwa kwa mchapaji. Vesalius mwenyewe alikuwa na miaka 28 tu.

Ya pili ni ya bamba la shaba, na hii ndo roho ya mada yetu. Hapa ni kinyume, fundi anashika chuma kidogo chenye ncha kali, anakisukuma kwenye shaba kinachimba mfereji, wino unapakwa bamba zima halafu unafutwa, unabaki ndani ya mifereji tu. Karatasi inalowanishwa, inawekwa juu, vinapitishwa kwenye mashine ya magurudumu yenye mgandamizo mkali mpaka karatasi inaingia kwenye mifereji na kunyonya wino. Ndo maana ukiwa na karatasi halisi mkononi utaona alama ya kuzama pande zote nne, ukubwa wa bamba. Ukizumu mstari utaona unaanza mwembamba kama unywele, unanenepa, unaishia mwembamba tena, kwa sababu mkono unaingia taratibu, unakandamiza, unatoka.

Ya tatu ni ya asidi: bamba linapakwa nta, unachora kwenye nta kwa sindano kama unavyochora kwa kalamu, halafu asidi inakula shaba pale ulipochora. Mistari inakuwa huru, inazunguka, na mwisho wake ni butu. Rembrandt, yule mchoraji maarufu wa Uholanzi, alikuwa mtu wa huku.

Kwenye hizo za shaba bingwa mmoja ni Hendrick Goltzius wa Haarlem, Uholanzi, alizaliwa 1558 akafa 1617. Utotoni aliangukia moto, mkono wa kulia ukaungua ukabaki vidole vimekakamaa, na mkono huohuo ndo aliochongea mistari ambayo hadi leo watu wanaizumu wakishangaa inavyovimba na kupungua. 1588 akauchora ule mkono wenyewe kwa wino, na kila kiungo kilichopinda kinaonekana. Mkumbuke huyu, maana ile picha iliyoniumbua ilitoka kwake.

Jambo moja la kushika: picha ikichapwa inageuka, kulia inakuwa kushoto. Fundi mzuri anachonga kinyumenyume ili itoke sawa, mvivu haangaiki. Kwa hiyo ukiona mtakatifu anabariki kwa mkono wa kushoto au askari wote wanashika upanga kushoto, usianze kutunga nadharia ya siri, inawezekana kabisa ni nakala ya picha nyingine na aliyenakili hakujisumbua kugeuza.

HATUA YA 3: Soma chini kabla ya kusoma juu

Watu wengi wanaanza na mtu mkubwa wa katikati. We anza chini, kwenye maneno madogo, maana pale ndo utajua nani kafanya nini. Nimeyakariri haya na yananitosha kwa asilimia kubwa ya picha:

invenit au inv. = huyu ndo aliyebuni mchoro
pinxit = aliyepaka rangi picha ya awali
delineavit au del. = aliyechora kwenye karatasi
sculpsit, sculp. au sc. = aliyechonga bamba
fecit au fec. = kafanya mwenyewe
excudit au exc. = aliyechapisha, yaani mwenye duka na mara nyingi mwenye bamba
cum privilegio = ana kibali cha mtawala, asiigwe

Unaona hapo picha moja inaweza kuwa na majina matatu, na watu wanagombana ni ya nani wakati wote watatu wako sahihi. Hicho kibali nacho hakikuja bure, wizi ulikuwepo mkubwa. Albrecht Dürer, msanii wa Nuremberg kule Ujerumani, alikuwa anaweka alama yake, herufi A kubwa na D ndani yake, na Marcantonio Raimondi kule Italia akanakili picha zake kadhaa mpaka na ile alama. Fotokopi za bila ruhusa hazikuanza kwetu steshenari.

Mwaka nao usikupe presha. M ni 1000, D ni 500, C ni 100, L ni 50, X ni 10, V ni 5, kwa hiyo M.D.LXXXVII ni 1587. Wakati mwingine wanaandika CIƆ badala ya M na IƆ badala ya D, inaonekana kama mtoto kachezea kibodi, lakini ni namba ileile. Ila jua mwaka uliochongwa ni wa bamba, siyo wa karatasi uliyoshika. Bamba lilikuwa mali, linauzwa, linarithiwa, linachapwa tena miaka mingi baadaye mpaka mistari inafifia.

Kuhusu Kilatini, huhitaji kwenda seminari. Andika maneno mwenyewe herufi kwa herufi halafu yaweke kwenye programu ya tafsiri, usiiamini kamera isome. Herufi V inasomwa U katikati ya neno, ile s ndefu inafanana na f, na kimstari juu ya irabu maana yake kuna n au m imemezwa. Ukirekebisha hayo matatu tafsiri inaanza kueleweka. Isipoeleweka, tafuta padri mzee.

HATUA YA 4: Huyu ni nani?

Ukimaliza maneno ndo unapanda kwa watu. Swali la kwanza siyo "anafanya nini", ni "ameshika nini". Wachongaji hawa walikuwa wanamtambulisha mtu kwa kitu mkononi, kama unavyomjua bodaboda kwa helmeti.

Kwa watakatifu wale waliokulia parokiani mna bahati. Katarina ana gurudumu lililovunjika. Laurenti ana chanja ya chuma aliyochomewa. Lusia amebeba macho kwenye sahani, Apolonia ana koleo lenye jino (kama una shangazi anaitwa Apolonia mwambie yeye ndo somo wa wenye meno mabovu). Sebastiani kachomwa mishale, Roko anafunua paja kuonyesha jipu la tauni na pembeni kuna mbwa, na hawa wawili ndo waliokuwa wanaombwa ugonjwa ukiingia mjini. Kosma na Damiano walikuwa madaktari, kwa hiyo unaweza kuwakuta na chupa ya mkojo na vifaa vya dawa. Yeronimo ana simba. Dürer alimchonga mwaka 1514 amekaa chumbani anaandika, simba na mbwa wamesinzia mbele yake, kofia ya kardinali imetundikwa ukutani, fuvu liko dirishani, saa ya mchanga juu ya kichwa chake, jua linaingia kwa dirishani hadi unahisi joto. Picha yenyewe ina ukubwa wa kama sentimita 25 kwa 19 tu.

Wa mafumbo ni kundi lingine. Ukiona mwanamke asiye na jina la mtakatifu, mara nyingi siyo mtu, ni wazo. Haki, Busara, Tumaini, Ugonjwa, Afya, kwa Kilatini maneno mengi ya hivyo ni ya jinsia ya kike, ndo maana wanachorwa wanawake. Haki ana mizani na upanga, Busara ana kioo na nyoka, Tumaini nanga, Imani msalaba na kikombe, Upendo amezungukwa na watoto. Mzee mwenye mabawa, fyekeo na saa ya mchanga ni Wakati. Walikuwa na kamusi yao kabisa, Cesare Ripa alitoa Iconologia huko Rome 1593, na toleo la 1603 likawekewa picha, wachoraji wakawa wanachukua humo miaka na miaka.

Kuna moja ambayo Mswahili hahitaji kamusi. Melencolia I ya Dürer, 1514 pia. Mwanamke mwenye mabawa kakaa chini, vifaa vya ujenzi vimetawanyika hovyo, mbwa kakonda, na yeye ameshika tama. Basi. Bibi yangu angeiona ile picha bila kusoma neno angesema huyu ana jambo, maana kwetu mtoto akishika tama anaambiwa toa mkono hapo shavuni unaita msiba. Nyuma yake ukutani kuna mraba wa namba 16, jumlisha mstari wowote, wima, ulalo au hata pembe kwa pembe utapata 34, na katikati ya mstari wa chini zimekaa 15 na 14, yaani mwaka wenyewe.

HATUA YA 5: Tafuta tiba hata pale usipoitegemea

Hii hatua ndo naipenda kuliko zote, nitakaa hapa kidogo.

Kwa watu wa wakati ule mwili ulikuwa na maji manne: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Yakilingana una afya, moja likizidi unaumwa, na tabia yako pia inatokana na lipi limezidi. Mwenye nyongo nyeusi nyingi ndo yule aliyeshika tama. Elimu hii ilitoka kwa Wagiriki, ikapita kwa Waarabu, na kitabu cha tabibu Ibn Sina kilisomeshwa kwenye vyuo vya Ulaya kwa karne kadhaa. Wazee wetu wa pwani wanaosema chakula hiki cha baridi kile cha moto, usimpe mgonjwa, wanachota kwenye kisima kilekile, kwa hiyo usidhani hizi picha ziko mbali sana na wewe.

Sasa chukua Adamu na Hawa wa Dürer, 1504. Unaona ni picha ya dini, mti, nyoka, tunda, imeisha. Ngoja. Angalia wanyama chini na nyuma: paa mkubwa wa baridi mwenye mapembe, ng'ombe, sungura, paka. Wasomi wengi wanawasoma kama yale maji manne: paa ni nyongo nyeusi, ng'ombe ni kohozi, sungura ni damu, paka ni nyongo ya njano. Kabla ya dhambi yote yametulia sawa, ndo maana paka kakaa na panya mbele yake hamgusi. Tunda likiliwa tu, paka anaruka, na magonjwa yanaanza. Kumbe umeangalia picha ya hospitali bila kujua.

Kinyume chake pia kipo. Kitabu cha mwili cha Juan Valverde, kilitoka Rome 1556, picha zake ni za shaba, kuna mtu amesimama hana ngozi, misuli yote nje, mkono mmoja kashika ngozi yake mwenyewe inaning'inia kama koti, mwingine kashika kisu. Mkristo wa wakati ule akiona hivyo anamkumbuka Bartolomayo mtume aliyechunwa ngozi, vile mchoraji Michelangelo alivyompaka kwenye ukuta wa kanisa la Sistine kule Vatikani. Utamtofautishaje na Bartolomayo wa kweli? Angalia mwilini kama kuna herufi ndogo, A, B, C. Ukiona herufi kwenye msuli, ujue pembeni kuna maelezo ya kila herufi, hiyo ni picha ya somo hata kama imeazima mkao wa kanisani.

Alama nyingine za tiba za kuzishika: chupa ya mviringo ya kioo imeinuliwa kwenye mwanga ni mkojo, na anayeiangalia ni tabibu msomi, mwenye joho, aliyesoma chuo. Yeye hagusi damu. Anayekata, anayefunga vidonda, anayetoa damu na kupiga chuku ni fundi mwingine, cheo cha chini, mara nyingi ndo kinyozi huyohuyo. Ukiwaona wote wawili kwenye picha moja, angalia nani kapewa sehemu nzuri, utajua mchongaji alikuwa upande gani.

HATUA YA 6: Ingia kwenye kona

Zumu kona zote nne, na nyuma kabisa dirishani na mlangoni. Wachongaji walipenda kuweka hadithi ya pili nyuma, watu wadogo kama sisimizi, na mara nyingine ni mtu yuleyule wa mbele kaonyeshwa tena kabla au baada. Siyo kosa, ndo walivyokuwa wanahadithia.

Mfano wa kufanyia mazoezi ni picha ya ukumbi wa kupasulia maiti wa chuo cha Leiden, Uholanzi, 1610, Woudanus alichora, Willem Swanenburgh akachonga. Katikati kuna meza na maiti, hiyo kila mtu anaiona. Zunguka ngazi sasa. Mifupa imesimamishwa kila mahali ya watu na wanyama, mingine imeshika bendera, na ukizumu unasoma MEMENTO MORI, kumbuka utakufa, na PVLVIS ET VMBRA SVMVS, sisi ni vumbi na kivuli (ona hizo V nilizokwambia). Mbele kuna mifupa miwili kando ya mti wenye nyoka, ni Adamu na Hawa tena, safari hii wameshaliwa. Mbele pia utaona wageni waliovaa vizuri wanaonyeshwa ngozi ya binadamu, kama mtu anaonyeshwa kitambaa dukani. Upasuaji wenyewe ulikuwa wa msimu wa baridi, maana joto maiti haikai. Kwa hiyo hiyo picha ni ya chuo, ya dini na ya mafumbo kwa mpigo, na ukiniuliza niiweke kapu gani nitakwambia acha kutafuta kapu.

HATUA YA 7: Sasa rudi kwa mtu wa katikati

Tumalize ile iliyoniumbua. Seti ya picha nne, 1587, kwa ubunifu wa Goltzius. Kila moja ina mtu mmoja mkubwa kama jitu katikati, na nyuma yake huku na huku wagonjwa wadogo vitandani na matabibu wanahangaika nao. Ukifuata hatua: namba chini, 1 hadi 4. Beti chini. Kisha mtu wa katikati anabadilika. Kwanza ni Kristo mwenyewe, kwa sababu mgonjwa yuko mahututi na anamuona tabibu kama Mungu. Pili ni malaika mwenye mabawa, homa imeshuka. Tatu ni mtu wa kawaida kavaa nguo za wakati ule, mgonjwa sasa ameshakaa. Nne ni shetani, ana pembe, amekuja kudai hela yake.

Yaani dini, fumbo na tiba kwenye seti moja, na kicheko juu yake. Na ukiangalia vizuri siyo daktari anayesutwa pale, maana yeye hajabadilika, kilichobadilika ni macho ya mgonjwa. Daktari wetu aliyestaafu alipoelezwa alicheka kuliko padri, akasema hiyo ya tatu anaichukua nyumbani lakini nimtafutie na ya nne aiweke karibu na mlango, kuna jirani hajamlipa deni lake toka zamani.

HATUA YA 8: Jipime

Kuna picha moja bila shaka umeshaiona, wakati wa korona ilizunguka sana: mtu kavaa koti refu, kofia, na kinyago chenye mdomo mrefu wa ndege, kashika fimbo. Watu wanaandika chini "madaktari wa tauni enzi za kati". Fuata hatua. Tafuta picha nzima: ni karatasi ya Paul Fürst wa Nuremberg, 1656, inaitwa Doctor Schnabel von Rom, yaani Daktari Mdomo-wa-Ndege wa Roma. Tayari "enzi za kati" imekufa, hiyo ni karne ya 17, mwaka ambao tauni ilikuwa Roma kweli. Zumu fimbo: juu yake kuna saa ya mchanga yenye mabawa, Wakati unaruka. Vidole vina kucha kama za ndege mwindaji. Kona ya nyuma kuna watu wadogo wanamkimbia. Halafu soma beti, zimechanganywa Kilatini na Kijerumani ndani ya mstari mmoja, ni kama sisi tunavyochanganya Kiswahili na Kiingereza tukitaka kuchekesha. Zinasema anaikimbia tauni huku mshahara anachukua, anatafuta maiti ili aishi kama kunguru jalalani, na mfuko wake wa hela ndo jehanamu yake, dhahabu ndo roho alizobeba.

Mavazi ya namna ile yalitajwa kweli karne hiyo, ila karatasi hii ni dhihaka, na inamsuta daktari kwelikweli, siyo kama Goltzius. Ukiiweka kwenye bango la Siku ya Madaktari umewatukana na umewapa na fremu.

HATUA YA 9: Andika maelezo chini yake

Ukimaliza kuisoma, usiiweke tupu. Mimi siku hizi naandika mstari mmoja mdogo chini ya kila picha ninayochapa: nani kabuni, nani kachonga kama anajulikana, mji, mwaka, ni ya ngapi kati ya ngapi, na iko makumbusho gani. Kama sijamjua mchongaji naandika "mchongaji hajulikani", situngi jina. Kama nimekata kipande naandika "sehemu ya picha". Na maneno ya Kilatini nayaweka na tafsiri yake pembeni, fonti 9 inatosha, mteja asipotaka namsomea kwa sauti kwanza, halafu ndo achague.

Wiki iliyopita kuna bibi harusi alitaka picha ya wanandoa wa kizamani bustanini kwa ajili ya kadi zake 300, ameshaipenda kabisa, chini ya mti wanapeana tunda. Nikazumu nyuma ya mti, mifupa imesimama na saa ya mchanga. Nikamgeuzia skrini aone mwenyewe.